Maswali Ninayoulizwa Kila Mwaka Kuhusu Baridi ya Winnipeg

Kila ikifika Oktoba simu yangu huanza kulia. Wengine wako Kigoma, Nairobi au Bukavu na viza imeshatoka. Wengine walishuka wiki iliyopita na hawajathubutu kutoka nje tangu hapo. Wengine ni jamaa wa nyumbani wanaotaka tu kujua kama kweli binadamu anaishi huku. Nimekaa Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba nchini Kanada, kwa majira kumi na moja ya baridi. Nimeamua kuyaandika majibu ninayowapa, maana najua hofu ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa akiwa bado na kandambili miguuni.

Baridi yenyewe ni kali kiasi gani hasa?

Wastani wa Januari ni kama nyuzi 11 chini ya sifuri mchana na 21 chini ya sifuri usiku. Lakini huo ni wastani tu. Kila mwaka zipo siku zinazofika hasi 30 na kupita. Rekodi ya mji ni hasi 47.8, iliyopimwa tarehe 24 Desemba 1879. Ukitaka kipimo cha nyumbani, friza ya kuhifadhia nyama huwekwa hasi 18. Maana yake ni kwamba usiku mwingi wa Januari ndani ya friza kuna joto kuliko barazani.

Sababu ni mahali mji ulipo. Winnipeg iko katikati ya bara, kwenye nchi tambarare kama meza. Hakuna bahari karibu ya kupunguza makali, kama Bahari ya Hindi inavyoitunza Tanga au Mombasa, wala hakuna mlima wa kuizuia hewa inayoteremka kutoka Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini. Hewa hiyo ikishuka, inakaa.

Redioni utasikia namba mbili. Ya kwanza ni ya kipimajoto. Ya pili ni baridi ya upepo, yaani jinsi mwili unavyoisikia baridi hiyo upepo ukivuma. Nguo zako zichague kwa hiyo ya pili.

Nikitoka nje mara ya kwanza nitasikia nini?

Pua ndiyo inayoanza. Ukivuta pumzi kwenye hasi 25, vinyweleo vya ndani ya pua vinaganda na unasikia kama vinashikana. Pumzi yako inapanda kwenye kope, na baada ya dakika chache kope zinakuwa na unga mweupe. Ukipepesa, za juu na za chini zinanatana kidogo. Haidhuru, weka kiganja juu ya jicho zitaachana.

Halafu sikiliza miguu. Theluji ya huku ni kavu na baridi ikizidi inalia chini ya buti. Aliyewahi kubana wanga wa muhogo ndani ya mfuko anaijua sauti hiyo. Mimi siku hizi nikiwa bado kitandani, mtu akipita nje, najua kwa mlio wa nyayo zake kama leo ni hasi 10 au hasi 30.

Ngozi inaweza kuganda kweli?

Inaweza, na hili ndilo jambo la kulichukulia kwa uzito kuliko yote. Wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada wanahesabu hivi: baridi ya upepo ikiwa kati ya hasi 28 na hasi 39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikiwa kati ya hasi 40 na hasi 47, ni dakika 5 hadi 10. Chini ya hapo ni dakika chache mno.

Vinavyoanza kuumia ni masikio, ncha ya pua, mashavu, vidole vya mikono na vya miguu. Unasikia kuchomachoma, kisha maumivu yanapotea. Yakipotea ghafla usifurahi, ingia ndani. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyeupe. Kwa ngozi zetu nyeusi mara nyingi huonekana kijivu, kama imepauka, na ukiigusa ni ngumu. Usiisugue, usiipake theluji, usiiweke karibu na moto. Itumbukize kwenye maji ya vuguvugu, na kama haijarudisha hisia au imetoa malengelenge nenda hospitali.

Sikio langu la kushoto liliganda mwaka wa kwanza, nikisubiri basi kwa dakika kama ishirini bila kofia. Hadi leo ndilo linaloanza kuuma kila baridi ikianza. Ndiyo maana nawasumbua watu kuhusu kofia.

Nije na nguo gani kutoka nyumbani?

Hela yako ya nguo iweke mpaka ufike. Koti linaloitwa la baridi Kariakoo au Gikomba ni la kipupwe cha Juni kule Iringa au Limuru, na huku ni la mwezi wa Oktoba. Kinachofaa kuleta ni vitu vya kuvaa ndani: fulana za mikono mirefu, suruali za kubana, soksi nzito. Siri ni kuvaa tabaka. Ndani kabisa kitu kinachokauka haraka au cha sufu (pamba ikilowa jasho inakugandisha), katikati sweta, juu koti refu linalozuia upepo na kufunika mapaja.

Mikononi chukua glavu za mfuko mmoja, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto, vikitenganishwa kila kimoja kinapigana peke yake. Buti zisikubane hata kidogo. Mguu unahitaji hewa ya kuuzunguka, na soksi mbili ndani ya buti linalobana ni baridi kuliko soksi moja ndani ya buti lenye nafasi.

Mitumba ipo, na ni mizuri sana. Watu wa huku wanayajua makoti, kwa hiyo hata yaliyovaliwa miaka mitano bado ni imara. Kwa watoto upo mpango wa Koats for Kids unaogawa makoti bure kwa familia zinazohitaji. Usione haya. Huko hakuna anayekuuliza umetoka wapi.

Kwa nini magari yana waya wa umeme unaoning'inia mbele?

Swali hili nalipenda kwa sababu kila mgeni anadhani ni magari ya umeme. Siyo. Ni hita ya injini. Oili ikipoa kwenye hasi 30 inakuwa nzito kama asali ya zamani, betri nayo inapoteza nguvu nyingi, na injini inakataa kuzunguka. Kwa hiyo ukipaki usiku unachomeka plagi kwenye soketi ya ukutani, na kijihita kidogo kinaipasha injini joto. Si lazima iwe usiku kucha: saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka zinatosha, na watu hufunga taima ili kuokoa umeme. Maegesho ya kazini na ya magorofa huwa na safu za nguzo fupi zenye soketi.

Ukinunua gari, uliza kama hita ipo na inafanya kazi kabla ya kuuliza redio. Tangi lisishuke chini ya nusu. Maji ya kuoshea kioo yawe yale ya kuhimili hasi 40. Usimwagie kioo maji ya moto hata siku moja, kitapasuka. Na usiache gari linawaka na funguo ndani wakati unalipasha joto, wezi wanaipenda sana asubuhi ya namna hiyo.

Matairi ya theluji si sharti la kisheria Manitoba, lakini nunua. Asubuhi za baridi kali utasikia gari linadundadunda kama limepanda matuta. Usiogope, tairi limekuwa bapa pale lilipolalia, na baada ya kilomita moja mbili litakuwa mviringo tena.

Nikikwama barabarani nje ya mji?

Kaa ndani ya gari. Waliopotea kwenye dhoruba ya theluji mara nyingi ni wale walioamua kutembea kutafuta nyumba. Weka nyuma ya gari blanketi, koleo, mishumaa na bati la kuiwekea, kiberiti, maji na kitu cha kula. Ukiwasha injini upate joto, toka kwanza ufukue bomba la moshi, kwa sababu likizibwa na theluji moshi unarudi ndani na unaua bila harufu. Barabara kuu hufungwa dhoruba ikiwa kali. Ikifungwa, sherehe ya huko mji wa Brandon isubiri.

Mji unasimama theluji ikianguka?

Hausimami. Jumla ya theluji kwa mwaka ni zaidi kidogo ya mita moja, na mji umeizoea. Usiku unaamka kwa ngurumo na taa zinazomulika ukutani: ni magreda. Yanapita kwa msafara, na asubuhi unakuta tuta la theluji ngumu limeachwa mbele ya mlango wa gari lako. Ndipo koleo linapofanya kazi. Chota kidogo kidogo, pinda magoti badala ya mgongo, na kama una tatizo la moyo mwombe kijana wa jirani.

Kila eneo la makazi lina herufi yake. Mji ukitangaza zamu ya herufi yako kusafishwa theluji, gari litoke barabarani, la sivyo utapigwa faini. Andika herufi yako kwenye friji. Ukiwa na swali lolote la manispaa, namba ni 311, na unaweza kuomba mkalimani.

Watu huuliza kwa nini barabara inamwagwa mchanga badala ya chumvi tu. Chumvi huyeyusha barafu pale baridi isipozidi sana, lakini ikishuka chini ya hasi 18 hivi inakuwa haina nguvu. Mchanga hauyeyushi kitu ila unampa mtu mahali pa kukanyaga. Juu ya barafu tembea kama bata: hatua fupi, miguu imetanuka kidogo, mikono nje ya mifuko.

Katikati ya mji yapo madaraja ya ndani yanayounganisha majengo kwa ghorofa ya pili, hivyo unaweza kutoka benki hadi maktaba bila kuvaa koti. Na kuhusu makutano ya Portage na Main, ambako upepo unasifika nchi nzima: sifa ni za kweli. Funga skafu kabla hujafika.

Kuna kitu gani cha kutazama, au ni weupe mtupu?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili.

Baridi kali ya huku huja na anga safi. Hewa ya Aktiki ni kavu, haina mawingu, na jua linawaka kwenye theluji hadi unahitaji miwani. Siku moja ya Januari nilikuwa natoka kituo cha basi, nikaona majua matatu. Moja katikati, na mengine mawili madogo, moja kila upande, yenye wekundu upande wa ndani kama kipande cha upinde wa mvua. Nikasimama nikadhani macho yameharibika. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akaangalia juu, akatabasamu, akaendelea na safari. Ni vipande vidogo vya barafu vinavyoelea hewani, vyenye umbo bapa la pembe sita, vinavyopinda mwanga. Yale majua ya pembeni hukaa nyuzi 22 kutoka jua lenyewe. Ukinyoosha mkono na kutanua kiganja, ni kama umbali wa kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho.

Usiku kipo kitu kinachofanana nacho. Kila taa ya barabarani inaota nguzo ya mwanga iliyosimama wima kwenda juu, kana kwamba mji mzima umesimamisha milingoti. Na zipo asubuhi za ukungu ulioganda ambapo kila tawi, kila waya wa umeme, kila wavu wa uzio umeota manyoya meupe marefu kama ukucha. Hayakai. Jua likipanda au upepo ukipiga, yote yanaanguka kimya. Nimewahi kuchelewa kazini kwa sababu ya mti mmoja, na sijutii.

Ni kweli watu wanatembea juu ya mto?

Kweli. Mji umejengwa mahali mto Assiniboine unapokutana na mto Red, pahali panapoitwa The Forks, ambapo wenyeji wa asili wamekuwa wakikutana kwa takriban miaka 6,000. Hata jina Winnipeg limetoka kwa lugha ya Wakrii, mojawapo ya jamii za wenyeji hao, likiwa na maana ya maji ya matope. Mto ukiganda vya kutosha, wahudumu hupima barafu, huisafisha na kufungua njia ya kutelezea na kutembea. Siku hizi inaitwa Nestaweya, neno la Kikrii linalohusu ncha tatu. Mwaka 2008 njia hiyo iliingia kwenye rekodi za dunia kwa urefu wa kilomita 8.54. Baridi ikichelewa, inakuwa fupi au inafunguliwa siku chache tu.

Kando ya njia husimamishwa vibanda vya kuotea moto. Tangu 2010 wasanifu majengo wa nchi mbalimbali hushindana kuvibuni, na hata msanifu mashuhuri Frank Gehry amewahi kubuni kimoja. Unakaa humo na mtu usiyemjua, mnapulizia vikombe vya chokoleti ya moto. Viatu vya kutelezea hukodishwa hapo hapo. Utaanguka, watoto wa miaka minne watakupita, na hakuna atakayekutazama mara mbili.

Lakini sikiliza: tembea pale tu palipofunguliwa. Mto una mikondo chini, na karibu na madaraja na mabomba ya maji barafu huwa nyembamba ingawa juu inaonekana vile vile. Waambie watoto hivyo mara kumi.

Watoto wanacheza nje?

Kila siku. Shule hazifungwi kwa sababu ya baridi tu. Wakati wa mapumziko watoto hutoka, na baridi ya upepo ikifika hasi 28 hivi hubaki ndani. Mvalishe kwa mpangilio: suruali ya theluji kwanza, kisha buti, koti, kofia, glavu mwisho. Ukianza na glavu utaanza upya. Andika jina kwenye kila kitu, na mfukoni mtie glavu za akiba. Kwenye bustani ya Assiniboine kuna bwawa la bata ambalo hugeuka uwanja wa kuteleza. Karibu kila mtaa una kituo cha jamii chenye uwanja wa barafu wa bure.

Februari kuna nini?

Festival du Voyageur, huko Saint-Boniface, mtaa wa watu wanaozungumza Kifaransa. Imekuwepo tangu 1970. Kuna sanamu kubwa za theluji, violini, na sirapu ya mti wa mepo inayomwagwa ikiwa moto juu ya theluji safi, unaizungusha kwenye kijiti na kula. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaojua Kifaransa huko wako kwao, na mimi nasalimia kwa Kiswahili nikijua nitaitikiwa. Jumatatu ya tatu ya mwezi huo ni sikukuu ya Louis Riel, kiongozi wa Wametisi, yaani watu wenye asili ya wenyeji na ya Wazungu, kwa hiyo kazini hakuendwi.

Mbona ngozi yangu inapasuka na kila nikigusa mlango napigwa shoti?

Kwa sababu hewa ya nje haina unyevu, na ikiingia ndani ikapashwa joto inazidi kuwa kavu. Jipake mafuta mazito ukiwa bado na maji ya kuoga mwilini. Losheni nyembamba haitoshi. Mafuta ya nazi au ya mgando ndiyo dawa. Acha sufuria ya maji ipumue ndani, au nunua mashine ndogo ya unyevu. Kichujio cha mashine ya joto kibadilishe, na hakikisha kengele ya moshi na ya hewa ya sumu zote zina betri. Tafadhali msiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, hata kama umeme umekatika, hata kama ni nyama choma ya Krismasi.

Chakula chetu kinapatikana?

Kinapatikana. Unga mweupe wa mahindi, dagaa, maharage, na sombe (kisamvu) iliyogandishwa kwenye pakiti, vyote vipo kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia. Mchicha mbichi wa Januari ni ghali, kwa hiyo Septemba nunua mboga nyingi, chemsha kidogo, uzigandishe. Na ndiyo, ni kweli watu hunywa Slurpee, yaani barafu ya sukari, katikati ya baridi. Winnipeg imeongoza dunia kwa kinywaji hicho kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo.

Giza linanimaliza. Nifanye nini?

Siku fupi kuliko zote, karibu tarehe 21 Desemba, jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Unaenda kazini gizani, unarudi gizani. Nimeona watu wenye nguvu wakinyamaza polepole, na hili linanigusa kuliko baridi yenyewe, kwa sababu baridi inavalika.

Toka nje adhuhuri, kila siku, hata dakika kumi na tano. Mwulize daktari kuhusu vitamini D, kwani ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Usikae peke yako Jumapili. Mama mmoja wa Bukavu tuliyesali naye alikuwa na utaratibu wa kupika chungu kikubwa kila Jumamosi ya Januari na kufungua mlango. Mlioko huku, anzeni chungu chenu. Ukiona usingizi umepotea na hamu ya kula imekwisha kwa wiki mbili, nenda kliniki ukaseme hivyo hivyo kwa maneno yako. Ni ugonjwa unaotibika.

Ukihitaji kunusa udongo mbichi, ingia The Leaf, jengo la kioo katika bustani ya Assiniboine lililofunguliwa Desemba 2022. Ndani kuna msitu wa nchi za joto na maporomoko ya maji. Miwani inafunikwa na mvuke ukiingia tu. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikalia kidogo, kwa kuwa palinukia kama Amani, kule milima ya Usambara, baada ya mvua.

Nikiona mtu amelala nje kwenye baridi?

Usimpite. Mwite. Asipoitika, au akiongea kama mlevi huku anatetemeka au ameacha kutetemeka, piga 911: mwili uliopoa sana humchanganya mtu maneno. Wapo watu wengi wasio na makazi katika mji huu, na Main Street Project ina gari linalozunguka kuwasaidia. Siloam Mission hupokea makoti, buti na soksi. Soksi ndizo zinazoisha haraka kuliko vyote.

Inaisha lini?

Aprili, mara nyingi. Lakini usirudishe koti kabatini. Aprili 1997 dhoruba kubwa ilimwaga theluji juu ya iliyokuwepo, na ilipoyeyuka mto Red ulifurika bonde zima. Mji uliokolewa na mfereji mkubwa wa kugeuza maji uliokamilika 1968. Ardhi yenyewe inachelewa kuliko hewa. Baada ya baridi ya 2013 kuingia 2014, mamia ya nyumba zilikosa maji wakati watu tayari wamevaa mikono mifupi, kwa sababu ubaridi ulikuwa bado unashuka chini na kuyafikia mabomba.

Tiketi yangu ni ya Januari. Niahirishe?

Ukiwa na hiari, njoo Septemba uzoee taratibu. Kama tarehe imepangwa na wengine, njoo tu. Wengi wetu kutoka makambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kakuma na Nakivale tulishuka usiku wa Januari na tupo. Usipakie sweta yako kwenye sanduku, ivae ndani ya ndege. Mpigie anayekupokea aje na koti, kofia na buti uwanjani. Mtumie saizi ya miguu ya watoto wote wiki mbili kabla, kila mtoto na namba yake, na uongeze namba moja.